Mkia Juu wa Michenga

Wasifu wa marehemu Dismas ulisomwa na shemeji yake, mwalimu mstaafu, na aliusoma polepole ili sisi tuliokaa nyuma, upande wa turubai uliokuwa ukipigwa na jua, tusikose neno. Akasoma kuzaliwa, akasoma ubatizo, akasoma shule. Alipofika kwenye kazi akaweka miwani yake sawa, akasema: "Marehemu ndiye mtu wa kwanza katika bonde letu kumtambua yule kereng'ende wa Michenga, ambaye wataalamu walimchanganya na mwenzake kwa miaka mingi." Watu wakaguna kwa heshima. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akanigusa bega, akasema, "Kumbe alikuwa na akili namna hiyo!" Nilikuwa nimeshika pindo la kitenge changu, na nilipoliangalia baadaye nikakuta nimelifumua kiasi cha shubiri nzima. Najua kwetu marehemu hasemwi vibaya. Mimi nitamsema, kwa sababu alipokuwa hai sikumsema, na kimya hicho kimenikaa kooni tangu nina miaka kumi na tisa. Yule kereng'ende nilimtambua mimi, Editha. Na mtu akitaka kujua ilikuwaje hata jina likaenda kwa mwingine, aketi, nitamweleza.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, matokeo yangu ya kusuasua, na mradi mmoja wa wadudu ukaja bondeni ukitafuta vijana wawili wa kukamata kereng'ende kwenye mabwawa. Tukachukuliwa Dismas na mimi. Mradi ulipanga vyumba viwili Mlabani, nyumbani kwa mjane mmoja tuliyemwita Mama Kandida. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, viti vinne, na kitanda cha Dismas nyuma ya pazia. Mimi nilipewa chumba cha nyuma, nikilala na magunia ya mpunga ya Mama Kandida, na usiku kucha nilikuwa nikisikia panya wakijadiliana humo ndani. Jiko lilikuwa uani, la udongo na makuti, na ndilo lililokuwa chumba chenyewe cha nyumba ile. Huko ndiko tulikokula. Juu ya mafiga palikuwa na dari ya fito, na kwenye zile fito Mama Kandida alitundika mahindi yake ya mbegu, mawili mawili yaliyofungwa kwa maganda yake, meusi kwa masizi. Hakuna dumuzi aliyethubutu kuyagusa. Kila nyumba niliyoijua ilihifadhi mbegu hivyo. Chini ya mbegu hizo tulikula wali na kambale wa moshi, na siku ambazo samaki hawakupatikana tulikula wali na matembele, na Dismas alikuwa akitania kwamba Editha anakula kama mtu aliyetumwa. Tulicheka sana mwaka ule. Hilo nalo naliandika, lisije likaonekana nimelificha.

Kila asubuhi tulikwenda kwa baiskeli, Dismas akielekea upande wa mtoni na mimi Michenga, kwenye bwawa linalobaki pale mafuriko yanaporudi nyuma. Wavu wangu niliushona mwenyewe kwa chandarua kuukuu na waya. Daktari, yaani mkuu wetu wa mradi, alikuwa ametupa orodha ya kereng'ende wa bonde na picha zao, na katika orodha hiyo alikuwamo mmoja wa kawaida kabisa, mwenye vumbi la buluu mwilini kama amepakwa jivu, na mstari mweusi unaokata kila bawa. Huyo nilimwita Mfuata Nyayo. Ukitembea kando ya maji anakuja miguuni kwako na wenzake kumi, kwa sababu miguu yako inawaamsha mbu na vijidudu majanini naye anawadaka. Ukisimama naye anatua, tena chini, kwenye udongo mtupu. Nilimzoea mpaka nikawa namsalimia. Sasa wiki ya tatu nikaona kwamba wengine hawanifuati. Nikaenda mbele, nikarudi nyuma, nikakanyaga majani kwa makusudi. Thubutu! Walikaa juu ya ncha za matete makavu, mabawa wameyashusha mbele, wananitazama tu. Nikimfukuza mmoja anazunguka mara moja juu ya maji na kurudi kwenye tete lile lile, si la jirani. Jua lilipofika utosini wakainua mikia yote juu, wima, ikielekea jua, na wakakaa hivyo mpaka jua lilipopinda. Nilikaa kwenye tope nikiwatazama, ruba wakininyonya miguu, na sikusikia maumivu.

Nikakamata wawili, mmoja wa kila aina, nikawashika mabawa kwa vidole viwili nikiwalinganisha. Ukiwaona kwa mbali utaapa ni ndugu wa tumbo moja. Lakini yule wa kwenye tete alikuwa na uso mweupe, na Mfuata Nyayo uso wake wa kahawia. Weusi wa bawa lake uliishia katikati bila kufika ukingo wa nyuma, na palipobaki pana rangi nyepesi ya manjano, ukipitisha jua unaiona, kama chai ya rangi iliyotiwa maji mengi. Mwenzake bawa lake ni jeupe kabisa nje ya mstari. Na jike lake lilipokuja kutaga, likipigapiga mkia majini, dume lilisimama hewani juu yake likimlinda, wakati Mfuata Nyayo huliacha jike lake lihangaike peke yake. Nikamwita Mkia Juu. Nikaandika yote kwenye daftari la mradi, saa, tete, idadi, mpaka kurasa zikaisha na nikaanza kuandika kwenye jalada.

Daktari alipokuja kututembelea nilimweleza. Alikuwa mtu wa mjini, msafi, mwenye kuongea taratibu na kumsikiliza mtu huku akitazama saa. "Editha," akasema, "hao ni hao hao. Wadogo na wakubwa. Kereng'ende hubadilika rangi anapokomaa." Nikamwambia, "Daktari, mtoto anayekomaa hawezi kubadilisha uso na tabia na namna ya kumlinda mke." Dismas akacheka. Daktari naye akatabasamu, akasema haya, nikusanye vielelezo ishirini vya kila aina, vizuri, vikavu, atakuja mwisho wa msimu kuvitazama mwenyewe. Kisha akasema jambo lililonifanya nisilale. Mradi una nafasi moja ya chuo, miaka miwili, kusomea kazi ya maabara ya wadudu. Ataandika barua kwa mmoja wetu. "Ukinionyesha kweli ni wawili," akaniambia mbele ya Dismas, "barua ni yako." Ukiwa na miaka kumi na tisa na matokeo ya kusuasua, unajua maana ya sentensi kama hiyo. Sikuwa na mlango mwingine. Nilitazama kereng'ende wale na kuona chumba cheupe chenye meza, na mimi nimevaa koti.

Basi Jumamosi moja Daktari akaja na wageni wawili kutufundisha kuhifadhi. Viti vilikuwa vinne. Wageni wawili, Daktari, Dismas. Nilikuwa nimesimama mlangoni na daftari langu pale Daktari alipogeuka akasema, kwa upole kabisa, "Editha, kamsaidie mama jikoni, wageni wamesafiri na njaa. Dismas atakueleza." Nikaenda! Ndiyo, nilikwenda, na leo nikikumbuka nataka kumkamata yule msichana mabega nimtikise. Nikamenya vitunguu chini ya dirisha la chumba cha mbele linalotazama uani ili nisikie. Nikamsikia Daktari akisema, "Adui wa kwanza ni unyevu, adui wa pili ni sisimizi. Mahali pakavu, pasipofika sisimizi." Nikaliweka hilo kichwani. Kisha Mama Kandida akaniambia, "Mwanangu, maji yameisha, kimbia bombani," nikachukua ndoo. Bombani palikuwa na foleni. Niliporudi mafuta yalikuwa yanachemka, vitunguu vikaingia, kelele zikawa za kukaanga tu, na huko chumbani wanaume wanacheka. Nikawapelekea wali na samaki kitoga wa nazi. Wakala. Mgeni mmoja akanisifu kwa mkono wangu wa kupika. Walipoondoka nikamwuliza Dismas, "Wamesema nini?" Akajinyoosha, akasema, "Mambo ya kawaida tu. Pakavu, sisimizi wasifike." Maneno yale yale niliyoyasikia. Nikaona basi, nimepata somo zima.

Sasa niambie wewe uliyelelewa bondeni, mtu akikuambia tafuta mahali pakavu pasipofikiwa na mdudu, utakwenda wapi? Mvua zilikuwa bado zinadondoka, chumba changu kilikuwa na ukungu mpaka kwenye viatu, na sisimizi walikuwa wameshakula bahasha zangu sita za kwanza wakaacha mabawa matupu. Nikawaza mbegu za Mama Kandida. Nikamwomba ruhusa. "Shikamoo mama, naomba nafasi pale juu ya mafiga." Akaitikia marahaba, akacheka, akasema, "Utapanda kereng'ende, Editha?" Nikazifunga bahasha zangu nne nne, nilikuwa nimezikunja kwa karatasi za daftari umbo la sambusa, arobaini kwa jumla, nikapanda juu ya kinu. Kamba ikanipungukia. Dismas alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko akitafuna muwa. Nikamwambia, "Nisaidie kamba." Akaenda chumbani kwake, akarudi na kamba, akaninyooshea. Nikaipokea. Akanitazama nikifunga fundo la mwisho, akatema makapi ya muwa, akasema, "Umeziweka vizuri." Tukala chini ya bahasha zile wiki tano. Moshi ukapanda asubuhi, mchana na jioni. Kila jioni alikaa pale, akala, akatania, na mara moja moja nilimwona akiinua macho juu.

Daktari akaja mwisho wa msimu, asubuhi, gari limewashwa nje. Nikamletea bahasha zangu kwenye sinia la Mama Kandida nikiwa nimevaa gauni langu la kanisani. Akafungua ya kwanza. Akafungua ya pili. Akafungua kumi. Wote walikuwa kahawia, wote! Vumbi la buluu limekwenda, nyuso zimekuwa nyeusi, na mabawa yote, ya Mfuata Nyayo na ya Mkia Juu, yamepata rangi moja ya chai, na masizi yamefunika ukingo wa kila doa. Daktari akanusa bahasha, akasema, "Editha, umewakausha kama samaki?" Nikaanza kueleza uso mweupe, nikaeleza matete, nikamwonyesha daftari. Akasema tabia si ushahidi, kila mtu anaweza kuandika hadithi. Nikamwambia, "Twende Michenga, Daktari. Twende sasa hivi, wapo kwenye tete, utawaona kwa macho yako." Kwa gari haikuwa mbali. Akatazama saa. Akasema barabara itaharibika mvua ikinyesha. Kisha Dismas akaleta vyake, kwenye kisanduku chenye kifuniko, rangi zote zimesimama, nyekundu nyekundu, buluu buluu, kama wamekufa dakika ile.

Nilitoka uani nisilie mbele yao, nikasimama nyuma ya ukuta wa chumba cha mbele, na huko ndiko nilikosikia. Daktari alisema, "Lakini siku ile niliwaambia, mbali na moto na moshi, na kwanza mloweke kwenye asetoni. Niliacha chupa ya watu wawili." Kisha sauti ya Dismas, laini, ya mtoto wa kutumikia altareni: "Nilimwona akizitundika, Daktari. Nilidhani anajua." Nilidhani anajua! Chupa ya watu wawili ilikuwa chini ya kitanda chake wiki zote tano, ile dawa kali ya kutolea rangi ya kucha, na mimi nilikuwa nimesikia harufu yake nikafagia mle ndani nikidhani ni mafuta ya baiskeli. Gari lilipoondoka nikamfuata hadi kwenye pazia lake. Nikamwuliza kwa nini. Alikuwa akikunja shati. Hakunitazama. "Hukuniuliza," akasema. Nikachukua sahani yake ya chai, nikaipiga ukutani. Mama Kandida akaja mbio, akaona vipande, akaniona mimi, akadhani ni mambo ya mapenzi, akaanza kutupatanisha. Jamani! Sikuwa na neno la kumweleza mwanamke yule mwema kwamba jiko lake ndilo lililonimaliza. Dismas akapewa barua. Daftari langu lilikuwa mali ya mradi, likaenda naye.

Yaliyofuata si mengi. Misimu miwili baadaye alikuja Michenga na watu wa chuo, na chupa, akakaa kwenye bwawa langu, akakamata Mfuata Nyayo na Mkia Juu, akawatofautisha. Nilimsikia mkulima mmoja akisema, "Yule kijana alikuja moja kwa moja kwenye matete, hakuhangaika, kama mtu aliyeelekezwa." Aliandika, akasifiwa, akafundisha wengine. Mimi nikaolewa, nikafungua duka la pembejeo hapa Mlabani, nauza mbegu za pakiti na dawa za magugu, na sikufa njaa. Watu huniambia, Editha, mbona maisha yako ni mazuri, hasira ya nini? Nyoo! Kwani nani alisema hasira ni ya wenye maisha mabaya tu? Najua wanaotaka kumtetea watasema Daktari ndiye mwenye kosa, yeye ndiye aliyenituma jikoni. Ni kweli, na yeye nimemweka mahali pake. Lakini Daktari hakujua nimefanya nini. Dismas alijua, akanipa kamba. Alikuja dukani mara nyingi alipokuwa likizo, anaagiza mbegu, analipa, anauliza hali ya watoto. Siku moja alibaki amesimama mbele ya meza yangu baada ya kupokea mzigo wake, nywele zimeshaingia mvi, akasema, "Editha, unajua, ule mwaka..." Mteja akaingia anataka dawa ya viwavi. Dismas akasogea pembeni, akasubiri kidogo, kisha akaaga. Nimejiuliza mara nyingi angesema nini. Siku hizi sijiulizi. Alikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kumalizia sentensi ile.

Wiki tatu baada ya mazishi, Anjela, binti yake mkubwa, alikuja nyumbani kwangu. Ni msichana mpole, mwenye macho ya baba yake, na nilimpenda bila kutaka. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, mwanangu, karibu ukae." Hakukaa. Alisema wanajengea kaburi, fundi wa marumaru yuko tayari, na familia imeamua kuchora kereng'ende wa baba juu ya jina. Shida ni kwamba wamekuta picha mbili kwenye kompyuta yake na hakuna nyumbani anayejua yupi ni yupi. Mama hajui, wajomba hawajui. "Mama amesema shangazi Editha mlifanya naye kazi, labda utakumbuka." Akaninyooshea simu. Mmoja alikuwa chini kwenye udongo. Wa pili alikuwa kwenye ncha ya tete, mkia umesimama. Sikuwa nimemwona kwa karibu namna ile tangu mwaka ule, kwa kuwa bwawa lenyewe limeshalimwa mpunga, na uso wake ulikuwa mweupe vile vile nilivyouandika.

"Yupi ni wa baba, shangazi?"

Ningeweza kunyoosha kidole na msichana wa watu akaenda zake. Ningeweza pia kumwonyesha yule asiye yeye, na nakiri, hilo nililifikiria kwa muda kuliko inavyompasa Mkristo. Nikamrudishia simu yake.

"Hakuna wa baba yako hapo," nikamwambia. "Wote wawili ni wangu."

Alinitazama akidhani nimechanganyikiwa. Kisha akaona sitanii. Nilimngoja akasirike, aondoke, aende akawaambie wajomba zake kwamba bibi wa pembejeo ana wivu na maiti. Badala yake akavua viatu, akaketi kwenye mkeka, akaizima simu. "Niambie," akasema. Nikamwambia. Nilianzia jikoni, nikamwambia kamba, nikamwambia chupa, nikamwambia alichokisema nyuma ya ukuta na alichokisema kwenye pazia, na sikumpunguzia baba yake hata neno moja. Alilia, nami sikumnyamazisha. Alipoondoka hakunishukuru, wala sikutaka shukrani.

Marumaru imeshawekwa. Nilipita makaburini Jumapili baada ya misa kuangalia. Kuna msalaba, kuna jina lake kamili, na juu ya jina, pale pa kereng'ende, fundi ameacha mahali peupe.